Naomba ushauri: mama aanze sindano ya etanersepti?

Binti wa Ibanda: Jambo kwenu wote. Mama yangu, hapa Bukavu, anaugua baridi yabisi, na vidole vimepinda hata hawezi kujifunga kitenge. Daktari wa ng'ambo ya Ruzizi alimwandikia etanersepti, akasema inafanya kazi kama vipokezi vya hadaa vilivyomo mwilini. Kipokezi kisichopeleka ujumbe kinamsaidiaje mgonjwa? Tuanze?

Mwalimu wa Baiolojia: Dada, swali lako ni zuri. Kipokezi ni protini inayopokea ujumbe unaoletwa kwenye seli; cha hadaa huunasa ujumbe huo na kuishia nao. Interlukini-1 ni protini inayochochea homa na uvimbe. Kipokezi chake cha kwanza kina sehemu ya ndani ya seli inayopeleka ujumbe. Cha pili, IL-1R2, hakina sehemu hiyo, kwa hiyo interlukini inayonaswa nacho haiamshi chochote. Watafiti wa Italia walikieleza hivyo mwaka 1993. Osteoprotejerini, kipokezi kingine cha hadaa, nayo huinasa RANKL, protini inayoamsha seli zinazokula mfupa, ili mifupa isiliwe kupita kiasi. Etanersepti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, ni vipande vya kipokezi cha TNF, protini nyingine inayochochea uvimbe, vilivyounganishwa na kipande cha kingamwili: huelea katika damu na kuinasa TNF kabla haijazifikia seli.

Fundi Redio: Kumbe ni shemeji yangu! Ujumbe wa deni anaupokea kwa mikono miwili, na haumfikii mtu.

Mama wa Kadutu: Marehemu mama mkwe wangu alikandwa kwa maji ya moto miaka yote, akalima mpaka uzeeni. Watoto wa siku hizi mnakimbilia sindano kabla ya kuwauliza wazee.

Muuguzi Mstaafu: Binti, mama amewahi kuugua kifua kikuu?

Binti wa Ibanda: Mimi niliuliza kuhusu vipokezi.

Muuguzi Mstaafu: Nami nimeuliza kuhusu kifua kikuu.

Binti wa Ibanda: Kwa kuwa mnanibana: aliugua zamani, na vita vilipotukimbiza akaacha dawa kabla ya kuzimaliza. Daktari hakuuliza, nasi hatukusema. Lakini hakohoi tena, kaka yangu ameshalipa, na sindano ziko katika friji ya jirani.

Muuguzi Mstaafu: TNF hiyo hiyo inayoumiza viungo ndiyo inayosaidia seli kuvizingira vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala mwilini. Ukiinasa, mzingo hulegea na ugonjwa waweza kuamka hata kwa mtu asiyekohoa. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa kwanza, na pengine hupewa dawa za kinga. Tena sindano hizo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 bila kugandishwa. Umeme ukikatika kwa jirani, mnafanyaje?

Mdadisi: Hadithi hii imetungwa. Mtu asiyejua kazi ya kipokezi anaandika «etanersepti» bila kukosea herufi, kisha eti sindano zipo tayari? Huyu anatafuta wateja.

Mama wa Kadutu: Kama anauza, aseme bei, tumjue.

Binti wa Ibanda: Siuzi kitu! Jina nalinakili kwenye boksi lililo mbele yangu. Lilikuwa na sindano nne, zimebaki tatu, kwa kuwa mama alichomwa ya kwanza Jumapili, na leo ameweza kushika kikombe. Mlitaka nimwache alie?

Muuguzi Mstaafu: Ya pili asichomwe kwanza. Kesho asubuhi mrudishe kwa daktari, umweleze habari ya kifua kikuu na ya friji. Akipata homa, kikohozi au jasho la usiku, msingoje kesho.