Tupeane uzoefu: kilometa zilezile, kwenda masaa nane kurudi sita na ushee

Wakuu habari za saa hizi. Naomba tupeane uzoefu wa masaa ya angani kati ya mji na mji, maana zamani mimi nilikuwa naangalia kilometa tu basi, hesabu imeisha, kumbe kilometa ni nusu ya habari.

Nilitoka London kwenda New York, kama kilometa 5,550 hivi, tukakaa karibia masaa nane. Kurudi ilikuwa usiku, masaa sita na dakika arobaini tuko chini. Ndege aina ileile. Wakati wa kwenda skrini ya kiti ilikuwa inasoma mwendo wa 790, kurudi ikapanda mpaka 1,080 kwa saa, nikaikodolea macho weee nikaona bora niulize. Dada mhudumu akanielewesha vizuri tu: huko juu kuna upepo mkali unavuma toka magharibi kwenda mashariki, ukienda nao unakusukuma, ukiupinga unakurudisha nyuma, na majira ya baridi ndo unazidi. Tangu siku hiyo masaa ya kwenda siyazidishi mara mbili nikasema nimepata ya safari nzima. Haya leteni zenu.

*

Mkuu mimi ilinichanganya saa ya ukutani. Nairobi–Johannesburg ni kama kilometa 2,900, masaa manne. Nimeondoka saa mbili asubuhi nimetua saa tano, nikamwambia mwenyeji wangu leo rubani kakimbiza kweli. Akaninyooshea simu yake niangalie, saa za kule ziko nyuma ya Nairobi kwa saa moja. Kurudi ndo ikasomeka masaa matano. Tiketi inaandika saa ya kila mji kivyake, kabla hujatoa hii kwa ile ulizia kwanza tofauti.

*

Helsinki–Tokyo hapa. Nilishaizoea ya masaa tisa na nusu, ila 2022 anga la Urusi likafungwa kwa ndege za Ulaya na safari ikawa kama kumi na tatu. Miji iko palepale, njia ndo imezunguka. Mara ya kwanza baada ya hapo tulipita kaskazini kabisa karibu na ncha ya dunia, dirishani barafu tupu mpaka macho yanauma, na bibi aliyekaa pembeni yangu miguu ikamvimba viatu vikagoma kuingia, akashuka na soksi nimemshika mkono. Iliniuma sana. Jamani mkiwasafirisha wazee msiangalie bei tu, angalieni na masaa, na muwaambie wainuke watembee kila baada ya muda.

*

Naongezea. Masaa ya kwenye tiketi yanahesabiwa toka ndege inapoachia geti mpaka inapofika geti la pili, sio kupaa na kutua. Mi nagawa kilometa kwa 800 halafu naongeza nusu saa, haipishani sana.

*

@wa Helsinki pole sana, na asante kwa kumshika bibi. Vipi kurudi, Tokyo–Helsinki ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda au sawa? Mamangu ana miaka 71 anasafiri njia hiyo mwezi ujao, nataka nijue kabisa nimkatie kiti cha korido au cha mbele.