Mtoto kuuza juisi ya limau mbele ya nyumba yao Marekani hadi awe na kibali cha mgahawa? Huu ni upuuzi!

Wakuu, kabla mtu hajaja na ule wimbo wa "sheria ni sheria", tupige hesabu kwanza.

Juisi ile ya meza ya kukunja ni hivi: malimau makubwa ya manjano 5 au 6 yanatoa kikombe kimoja cha maji ya limau, yaani ml 240 hivi. Sukari kikombe kimoja, maji vikombe 6. Hapo una jagi moja, unagawa vikombe 8 hivi na barafu juu. Kwa dola moja kikombe, jagi zima ni $8. Sasa mwaka 2015 mji wa Overton, Texas, ulitaka kibali cha $150 kutoka kwa watoto wawili, dada na mdogo wake, waliokuwa wanatafuta hela ya zawadi ya Siku ya Baba. Gawa 150 kwa 8: majagi 19, malimau karibu 100 na zaidi, na hapo umelipia karatasi tu. Sukari, vikombe na barafu bado hujagusa.

Tena mji uliposamehe zile $150, sharti la idara ya afya likabaki palepale. Watoto wakaishia kugawa juisi bure na kuweka kikopo cha michango. Juisi ileile, barafu ileile, mikono ileile! Ikiuzwa ni hatari kwa jamii, ikigawiwa bure vijidudu vinaona haya.

Na si Texas peke yake. Kaunti ya Multnomah, Oregon, mwaka 2010: mtoto wa miaka 7 aliambiwa bila leseni ya mgahawa wa muda ya $120 anaweza kupigwa faini ya hadi $500. Mwenyekiti wa kaunti, Jeff Cogen, ikabidi aombe radhi hadharani. Midway, Georgia, mwaka 2011 polisi walifunga meza ya watoto, wakataka leseni ya biashara, kibali cha mchuuzi na kibali cha chakula, $50 kwa siku. Waingereza nao hawako mbali: Julai 2017 huko Tower Hamlets, London, mtoto wa miaka 5 aliandikiwa faini ya £150, halmashauri ikaifuta baada ya kelele. Angalieni mtiririko: inafungwa, watu wanapiga kelele, ofisi inaomba radhi, kanuni inabaki kama ilivyokuwa. Kinachobadilika ni jina la mji tu.

Kiini cha tatizo ni kwamba ile fomu ya kuombea kibali haikuandikwa kwa ajili ya juisi ya limau. Ni fomu ya kibanda cha muda cha chakula, ile ya mtu anayechoma nyama kwenye tamasha. Ndiyo maana inadai turubai juu, mchoro wa mpangilio wa meza, mabeseni matatu (la kuosha, la kusuuza, la dawa), kipimajoto, na maombi yapelekwe siku kadhaa kabla. Mtoto wa miaka 8 ameamka Jumamosi kuna jua, ameona malimau jikoni. Aandike barua ya maombi Jumatatu?

Lakini wakuu, nisije nikaeleweka vibaya. Wale wanaosema "juisi ya limau ina asidi, haina shida" nao wanadanganya watu. Asidi inazuia bakteria wengi wasizaliane, kwa hiyo juisi haichachi vibaya mezani kama maziwa au wali. Kuzuia kuzaliana si kuua. Mwaka 1996 kule Marekani, juisi ya tufaha isiyopitishwa kwenye joto iliwafanya makumi ya watu waugue kwa bakteria wa E. koli na ikamuua mtoto mmoja wa Colorado, na ile nayo ni juisi yenye asidi. Norovirusi, kile kirusi cha kutapika na kuharisha, hakitishwi na limau wala barafu. Kwa hiyo hatari ipo, ila haipo pale fomu inapoangalia. Ipo sehemu nne.

Barafu ndiyo ya kwanza, na ndiyo mbaya kuliko zote. Watoto wanaweka mfuko wa barafu kwenye deli, wanazamisha humohumo soda na chupa za maji zilizotoka dukani, kisha wanachota barafu hiyohiyo kwa kikombe cha mteja. Vidole vinaingia, uchafu wa chupa umeshayeyukia chini, kila kikombe kinapata sehemu yake. Dawa yake ni madeli mawili. Moja la kupoozea chupa, jingine la barafu ya kunywa, na hilo la pili lina kibanio au kijiko chenye mpini mrefu, na mpini ukae juu ya barafu usizame. Gharama yake haifiki hata robo ya kibali.

Pili mikono. Mtoto anapokea noti, anafuta pua, anakata limau. Vitakasa mikono vya jeli havitoshi hapa kwa sababu havimalizi norovirusi. Inatakiwa sabuni na maji yanayotiririka. Waliosoma shule zetu wanajua kibuyu chirizi. Basi hicho ndicho bwana afya wa Marekani anachokitaka, isipokuwa anakiandika kwa sentensi ndefu: dumu lenye bomba linalobaki wazi bila kushikwa, ndoo ya kukinga maji machafu chini, sabuni, na karatasi za kufutia. Lita 20 zinatosha asubuhi nzima. Na mgawane kazi, anayeshika hela asishike vikombe.

Tatu chombo. Hapa watu wazima ndio wanaharibu, kwa sababu ya picha. Wananunua ndoo ya bati ili meza ionekane ya "kizamani". Bati lile limepakwa zinki, na asidi ya limau inaimega ile zinki ikaingia kwenye juisi. Anayekunywa anakatwa na tumbo na kutapika ndani ya muda mfupi, kisha lawama wanapewa watoto. Tumieni kioo, plastiki ya chakula au chuma kisichoshika kutu. Na lile jagi kubwa lenye bomba, fungueni nati ya ndani, mtoe bomba lote na mpira wake, muoshe kila kipande. Ukisuuza kwa juu tu, ute unajijenga nyuma ya ule mpira na hauuoni. Baada ya kuosha, jiki isiyo na manukato, kijiko kimoja cha chai kwa galoni moja ya maji (lita 3.8), loweka dakika chache, acha kikauke chenyewe. Msifute kwa kitambaa.

Nne maji. Mpira wa bustanini si bomba la jikoni! Maji yaliyolala ndani yake juani yamepata moto na yamelamba plastiki. Chukueni ndani.

Sasa niambieni, katika hayo manne, ni lipi linatatuliwa na risiti ya $150? Mkaguzi akija saa nne akaondoka saa nne na nusu, saa tano mtoto anachota barafu kwa mkono.

Kuna majimbo yamestuka. Utah ilipitisha sheria mwaka 2017 kwamba miji na kaunti zisidai leseni kwa biashara ya mara mojamoja ya mtoto chini ya miaka 18. Colorado ikafuata mwaka 2019, na ikaweka kikomo cha siku 84 kwa mwaka (siku 84 si mara mojamoja, ni kiangazi kizima, lakini sawa). Texas ikapitisha mwaka huohuo, ikaanza kutumika tarehe 1 Septemba 2019. Illinois ilianza tarehe 1 Januari 2022, ila umri wao ni chini ya miaka 16.

Ndugu zetu mlioko huko, someni maneno yenyewe kabla hamjajiamini, maana mitego iko kwenye maneno. Ya Texas inasema vinywaji visivyo na kilevi, kwenye kiwanja binafsi au bustani ya umma. Vinywaji! Mama akija na sinia la sambusa za nyama akaliweka kando ya jagi "zisaidie biashara", umeshatoka kwenye kinga. Nyama iliyopikwa lazima ikae juu ya nyuzi 57 za Selsiasi au ipoozwe ipasavyo, na hapo bwana afya ana haki yake yote. Maandazi nayo si kinywaji, hata yakiwa na iliki ya Zanzibar. Njia ya waenda kwa miguu pia si kiwanja chenu. Meza ikivuka majani ikakaa kwenye lami, hiyo ni hoja nyingine na idara nyingine. Ya Texas ina zuri moja ambalo watu hawalisemi: vyama vya wamiliki wa nyumba, vile vinavyotunga kanuni za mtaa, navyo vimefungwa mikono. Kwenye majimbo yasiyosema hivyo, mji unaweza kuwaachia na chama cha mtaa kikawaandikia barua ya faini jioni hiyohiyo.

NYONGEZA, maana nimeshaona maswali:

Anayeuliza "mbona mama anayeuza matunda pale kona analipa, mtoto asilipe?" ana hoja, na ndiyo hoja pekee ya maana iliyoletwa humu. Jibu langu: yule yupo kila siku, anauza kwa riziki, na ada anayotozwa nayo ni ya kinyonyaji, ila huo ni uzi mwingine. Kumtoza mtoto hakumpunguzii yule hata senti. Lakini mzazi anayekaa nyuma ya meza siku tano kwa wiki na kumsukuma mtoto mbele kama bango, huyo simtetei. Alipe.

Anayesema "watazoea kuvunja sheria": andikeni kanuni ya ukurasa mmoja. Kinywaji tu, hakuna maziwa wala nyama, kiwanja chao, madeli mawili, kibuyu chirizi, mtu mzima karibu, ada sifuri. Ofisi ibandike hiyo kwenye tovuti yake, na mkaguzi akipita aelekeze kwanza. Akikuta ndoo ya bati aimwage, sipingi.

Na wewe uliyeandika kwamba huku kwetu watoto wanauza barafu na ubuyu bila kibali na hakuna aliyekufa, punguza. Wanaumwa matumbo, tena sana, ila hakuna anayeandika. Barafu za maji yasiyochemshwa ni barafu za maji yasiyochemshwa, Dar au Dallas.