Prado imenipiga ubavuni, sasa bima yao yakataa kulipa gari nilokodi

MamaKeki_Tudor
Hamjambo nyote, naomba mawazo maana kichwa kishajaa. Mimi naoka keki Tudor na napeleka kwa wateja mwenyewe na kaVitz kangu. Mwezi uliopita, Ijumaa, nimeshuka daraja la Nyali naelekea Kongowea, niko leni ya kulia, mwendo wa kawaida tu, nyuma nina keki ya harusi ya ghorofa tatu na mtu mwenye keki ya ghorofa tatu hakimbii jamani. Leni ya kushoto kuna matatu imesimama, nikajua yashusha abiria. Kumbe imesimama kuipa njia Prado ilokuwa yatoka sheli, dereva wa matatu kampigia taa kuwa pita. Prado ikapita mbele ya matatu ikaja moja kwa moja mpaka leni yangu ili ipate kugeuka kule mbele, na mimi nshafika. Puu. Keki ikawa uji.

Mwenye Prado akashuka mpole kabisa, pole dada pole dada, akaandika kwenye kitabu changu cha oda kwamba atatengeneza gari, akatia sahihi na namba ya simu. Tukaenda trafiki tukaandikisha siku ile ile. Baada ya siku tatu hashiki simu. Nikapeleka barua kwa bima yake, wakanambia nisiguse gari mpaka asesa wao, mkaguzi wa uharibifu, aje, nikangoja siku sita. Sasa wamejibu: mteja wao akana kosa, yuwasema nilikuwa naovateki matatu kwa kasi na kwamba ile karatasi alisaini kwa kuwa watu wa bodaboda walimzunguka akaogopa. Halafu eti hata kama ingekuwa kosa lake, gari la kukodi hawalipi kwa sababu bima yake haina hicho kipengele.

Mimi nina bima ndogo tu, ya thadi pati, hailipi gari langu mwenyewe. Matengenezo 57,500 (fenda, mlango, taa, kunyoosha bodi na rangi). Gari nilokodi siku 19 kwa 3,500, yaani 66,500. Kukodi kumepita hata gharama ya fundi! Nifanye nini? Nimsamehe tu?

Baharia77
Usisamehe kitu. Ila swali moja dadangu, alama za mgongano ziko wapi kwenye gari yako na ziko wapi kwake? Hapo ndipo kesi yote ilipo.

MamaKeki_Tudor
Kwangu ni mlango wa mbele wa kushoto wote umeingia, na fenda ya kushoto kwa nyuma yake, karibu na mlango. Taa ilivunjika kishikio chake tu kwa vile fenda ilijikunja. Kwake ni pembe ya bampa ya mbele upande wa kulia. Picha ninazo, nlipiga kabla hatujasogeza.

Baharia77
Basi umeshinda nusu. Kama ungemgonga wewe, pua yako ndo ingeumia na ubavu wake. Yeye ndiye kaleta pua akakuta ubavu wako ushapita. Na anayetoka sheli ndiye wa kungoja barabara iwe wazi, zote, sio leni moja. Taa ya matatu si taa ya trafiki, dereva wa matatu hawezi kukupa leni isokuwa yake.

Chizi_wa_Bamburi
Mi ntasema tofauti msinipige. Ukiona matatu imesimama katikati ya barabara bila kituo, akili iseme kuna kitu mbele yake, mtoto, mkokoteni, kitu. Unapunguza. Huyu dada ametuambia mwenyewe alidhani yashusha abiria, haya, abiria akishuka si huenda akavuka? Mimi hakimu ningempa yeye sehemu kidogo ya kosa. Si kubwa, lakini sio sufuri.

MamaKeki_Tudor
Sasa wewe umetumwa na bima au? 😅

MzeeWaKlemu
Usimcheke, Chizi kasema kweli na ndivyo wanavyofanya mahakamani, wanagawa. Yaweza kuwa 80 kwa 20, 70 kwa 30, yategemea ushahidi. Na mkigawa kosa, kila shilingi inagawika vivyo hivyo, ya fundi na ya kukodi.

Nilifanya kazi ya klemu, yaani madai ya bima, miaka mingi kabla sijaingia biashara ya spea, wacha nikueleze hilo jibu la bima kuhusu gari la kukodi maana wanalitoa kwa kila mtu na watu wengi hukata tamaa hapo hapo. Kipengele wanachosema ni cha mteja WAO, yaani kama gari la mwenye Prado lingekuwa gereji je, bima ingempa yeye gari lingine. Wewe si mteja wao. Wewe wamdai mtu alokuharibia mali, kwa uzembe wake, na hasara yako ni pamoja na kukosa kulitumia gari. Hilo latoka kwenye sheria, halitoki kwenye karatasi ya bima yake. Kwa hivyo usibishane nao kuhusu kipengele, utachoka bure.

Lakini sasa hapa ndo pagumu. Kosa wewe utalithibitisha, picha unazo. Hizo 66,500 ndizo zitakazokutoa jasho. Mahakama zetu hasara ya namna hii huitaka ithibitishwe kikamilifu, risiti kwa risiti, na isemwe waziwazi tangu mwanzo kwenye madai. Mtu akija na "nilikodi kama wiki tatu hivi" harudi na kitu. Nambie: mkataba wa kukodi uko? Risiti ziko? Ulikodi gari gani? Na kwa nini siku 19 kwa kazi ya mlango na fenda?

MamaKeki_Tudor
Mzee umenitia baridi. Mkataba hakuna, nilikodi kwa jamaa wa Mtwapa tunajuana, nlilipa M-Pesa tena kwa namba ya mkewe. Gari ni Fielder, siku hiyo Vitz hakuwa nayo. Siku 19 ni hivi: sita nilingoja asesa wao, tano fundi akingoja mlango utoke Nairobi, nne za kazi yenyewe, na nne za mwisho gari imekwisha lakini nlikuwa sina salio la fundi akakataa kuitoa.

MzeeWaKlemu
Vizuri umezigawa, wengi hawajui hata kuzihesabu. Sita za asesa ni zao, wao ndo walokwambia usiguse, barua au meseji ya maneno hayo itunze kama dhahabu. Tano za mlango sawa, fundi akuandikie karatasi. Nne za kazi hazina ubishi. Nne za mwisho ndizo watakazozirukia: watasema ulitakiwa kupunguza hasara, sio kukaa na gari la watu la 3,500 ilhali lako liko tayari.

Fielder kwa Vitz watauliza pia. Kama 3,500 ni bei ya Vitz vilevile kule mtaani, pata bei mbili tatu za wenye magari ya kukodi ziwe kwenye karatasi. Mafuta usidai, hata Vitz ungeitilia mafuta. Na usidai kukodi gari na papo hapo udai faida ya biashara ulokosa siku hizo hizo, ni moja au nyingine, ukiweka zote hakimu atakuona mlafi.

Jingine, bima yako imeandikwa matumizi binafsi au biashara? Haikuzuii kumdai yeye, lakini yeye akikugeuzia kibao akudai bampa yake, bima yako yaweza kukutupa. Ukiulizwa sema ukweli, usijifanye ulikuwa waenda kwa shangazi na keki ya ghorofa tatu.

Shangazi_wa_Leicester
Salaam kutoka huku Uingereza. Hizo siku nne za kukosa salio zimenikumbusha yangu. Huku ukigongwa tu, kabla hujalia, wapigiwa simu na kampuni za kukodisha gari kwa mkopo, twakupa gari leo, hulipi kitu, sisi tutamdai alokugonga. Nami nikaingia, mwanamke wa kazi za zamu za usiku nitafanyaje bila gari. Bei yao kwa siku ilikuwa mara mbili na zaidi ya dukani. Yule alonigonga naye akakana, nikaitwa kortini kama shahidi wa deni ambalo sikulijua kuwa lina jina langu chini, mkataba unasema wakishindwa wanaweza kunigeukia mimi. Nilikonda.

Kilichonisaidia ni kuwa sikuwa na pesa. Kuna kesi maarufu huku ya Lagden na O'Connor, 2003, jamaa asiye na kazi na gari lake la zamani la miaka kumi, Baraza la Malodi, wakati huo ndo mahakama ya juu kabisa huku, likasema mtu ambaye hana uwezo wa kukodi kwa pesa taslimu asiadhibiwe kwa ufukara wake, alipwe hata hiyo bei ya juu ya mkopo. Nililetewa fomu nikaonyesha mishahara na taarifa za benki za miezi mitatu, aibu tupu lakini ikapita. Sheria ya huko nyumbani si hii, lakini mawakili wa Kenya huzitaja kesi za huku. Kwa hivyo mamii, kama hukuwa na salio la fundi onyesha kwamba hukuwa nalo, meseji zako za M-Pesa za siku hizo zitasema.

Chizi_wa_Bamburi
Na keki je? Mbona hakuna anayedai keki?

MzeeWaKlemu
Lo! Nimezeeka. Keki ni mali, ilikuwa ndani ya gari, imeharibika kwa ajali hiyo hiyo. Oda iko kwenye kitabu? Tia.

Asumini_K
Mimi nimepitia Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa mwaka jana, tuktuk ilinigonga taa ya nyuma na kioo, kwa hivyo nieleze kidogo. Madai yasipite milioni moja, wako ni mdogo sana kwa hapo. Huhitaji wakili, waingia mwenyewe na wasema Kiswahili. Sheria yasema kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu uifungue, yangu ilipita kidogo kwa sababu mshtakiwa hakupatikana kupewa samansi. Ukishindwa au akishindwa, rufaa yaenda Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria tu.

Kwanza mwandikie barua ya madai, mpe siku za kulipa. Abstrakti ya polisi, ile karatasi yao ya ajali, umepata? Humo ndo kuna namba ya bima na jina la dereva. Halafu usishtaki bima, mshtaki dereva NA mwenye gari, wengi huendesha gari la kampuni au la mke. Fanya sachi ya namba ya gari NTSA, wale wanaosajili magari, ujue ni la nani, mimi nlilipa 550, ikatoka jina ambalo hata sikulitarajia. Bima ipelekee notisi ya kesi mapema, isije ikasema haikuambiwa.

MamaKeki_Tudor
Abstrakti ninayo lakini pale pa nani mwenye kosa wameandika PUI.

Asumini_K
Hehe, PUI, uchunguzi bado unaendelea. Ya kaka yangu iko PUI tangu 2019. Usiingoje. Abstrakti yasema tu ajali ilitokea, nani mkosa ni kazi ya hakimu, hata polisi wangeandika jina lako bado ungeweza kupinga. Una miaka mitatu ya kushtaki kwa mambo ya uzembe lakini usiingoje hiyo nayo, dereva wa matatu utampata wapi mwaka wa tatu?

Baharia77
Hilo la dereva wa matatu ni kubwa. Yeye ndiye alompigia taa, na yeye ndiye alokuona ukija. Zile matatu zina saco, chama chao, na namba ubavuni. Angalia kwenye picha zako huenda imeingia pembeni.

MamaKeki_Tudor
IMEINGIA. Namba ya nyuma yote yaonekana kwenye picha ya pili, wallahi sikuwa nimeitazama. Asanteni sana, nitarudi.

MamaKeki_Tudor
Nimerudi, siku tisa zimepita. Dereva wa matatu nimempata stegi ya Buxton, kasema atakuja kusema kweli bora nisimharibie mzigo wake, yaani nimlipie squad ya siku hiyo, zamu atakayoikosa. Sachi ya gari imetoka, Prado si yake, ni ya kampuni. Barua ya madai nimepeleka kwa wote wawili na nakala kwa bima. Nimeweka fundi 57,500, siku 19 za kukodi na keki 18,000. Zile nne sikuzitoa, nimeambatanisha M-Pesa kama shangazi alivyosema, wakizikata wazikate wao.

Jana nikaenda Mtwapa kuomba risiti. Jamaa kafungua kitabu akaandika haraka haraka akanipa, natazama naona siku 25. Namwambia kaka ni 19, anambia nimekuongezea sita upate cha kununulia unga wa ngano, si ni pesa ya bima hiyo. Nikamrudishia. Akakasirika kweli, akasema mimi sijui kusaidiwa, mkewe ndo alotoka ndani na simu yake akamsomea meseji moja moja mpaka akaandika upya. Sasa risiti ninayo, ya siku 19, na imeandikwa kwa hasira mpaka kalamu imetoboa karatasi.

Kampuni haijajibu. Bibi harusi naye bado hashiki simu yangu.