Hita ya maji ya gesi bafuni: moshi wake upitie wapi?

Mjenzi wa Ipuli ameuliza:

Habari za leo wanajukwaa, na wakubwa zangu wote shikamooni. Ninamalizia nyumba hapa Tabora mjini, na kwa kuwa mama yangu atahamia kwetu kabla ya baridi ya mwezi wa sita, nimenunua hita ya kupasha maji kwa gesi ya mtungi, ile inayojiwasha mara maji yanapofunguliwa. Bafu lake lina upana wa mita 1.5, urefu wa mita 2 na kimo cha mita 2.7. Dari ni ya jipsamu, na dirisha ni moja dogo ambalo najua fika kwamba mama atalifunga, kwani hapendi upepo anapooga. Fundi anashauri tuifunge hita humo humo ndani na bomba la moshi liishie juu ya dari, akisema moshi utajitafutia njia kwenye mianya ya bati. Amependekeza pia feni ya kunyonya hewa ili mvuke usiharibu dari. Naomba ushauri wenu kabla ukuta haujapigwa lipu.

Fundi Bomba, Isevya:

Ndugu yangu, bomba kuishia darini usikubali kabisa. Moshi ukipoa huko juu hautafuti njia ya kutoka. Hushuka kupitia nyufa za dari na kuingia vyumba vyote, pamoja na kile anacholala mama.

Tazama na hesabu ya hewa. Kuunguza kilo moja ya gesi ya mtungi huhitaji zaidi ya mita za ujazo 12 za hewa, na bafu lako lote lina takribani 8. Hita ndogo ya lita 6 kwa dakika ikiwaka kwa nguvu hula karibu kilo moja kwa saa, na moto huanza kuharibika mapema sana kabla hewa haijaisha. Dirisha linaloweza kufungwa usilihesabu kuwa njia ya hewa.

Feni ndiyo inayonitia hofu zaidi. Hewa inayoitoa lazima irudi kutoka mahali fulani, na mlango na dirisha vikiwa vimefungwa, itarudi kwa kushukia kwenye bomba la moshi na kuurudisha moshi wote kwa anayeoga. Hita inayotumia hewa ya chumbani na feni ya namna hiyo havikai chumba kimoja.

Kwa Tabora, ambako maji hayagandi kwenye mabomba, hita ingefaa kukaa nje, ukutani nyuma ya bafu, ilimradi kitabu chake kiseme kwamba imetengenezwa kwa matumizi ya nje. Ikiwa sivyo, ibadilishe kwa ile iliyofungwa kabisa, yenye bomba ndani ya bomba, moja likivuta hewa kutoka nje na jingine likitoa moshi.

Muuguzi Mstaafu:

Naongeza jambo moja, mwanangu. Harufu mnayoisikia mtungi unapovuja imewekwa makusudi kiwandani, lakini kaboni monoksidi inayotokana na moto uliokosa hewa haina harufu wala rangi. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, na dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Hapa kwetu mtu akiwa hivyo tunafikiria malaria, akapewa dawa na kurudishwa chumba kile kile. Ukiona wawili wameugua pamoja, au mgonjwa anapata nafuu akikaa nje, zimeni gesi, tokeni nje, mpigie Zimamoto 114, na awahishwe hospitali.

Nunua kitambuzi cha kaboni monoksidi ukiweke chumbani kwa mama, wala si bafuni kwenye mvuke.

Mjenzi wa Ipuli:

Ahsanteni sana, mama na kaka. Feni nimeiacha, na hita nimekubaliwa kuibadilisha kwa ya nje. Tatizo ni kwamba ukuta wa nyuma ya bafu uko mita moja tu kutoka dirisha la mama.

Fundi Bomba, Isevya:

Hapo ni karibu mno, hasa kiangazi upepo unapovuma kuelekea dirishani. Peleka hita kwenye ukuta usio na dirisha, hata kama bomba la maji ya moto litakuwa refu na utahitaji kulifunika lisipoteze joto. Isikae chini ya upenu uliozibwa kwa mbao, maana moshi utapanda na kupenya darini.

Usiweke wavu wa mbu kwenye tundu la moshi, kwani huziba kwa masizi; kofia yenye nondo nyembamba hutosha kuzuia ndege, na kila baada ya masika ikaguliwe, kwa sababu nyuki wa Tabora hawachagui mzinga. Mtungi usimame wima nje, mbali na shimo la maji machafu, kwa kuwa gesi yake ni nzito kuliko hewa na hutuama mabondeni.

Mwulize pia muuzaji kama hita imerekebishwa kwa mwinuko wa takribani mita 1,200, ambako mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa asilimia 13 hivi kuliko pwani. Siku ya kuiwasha, tazama moto: uwe wa bluu na umetulia. Ukiwa wa njano, funga gesi na umwite aliyeifunga.