Nimetoka TP (mazoezi ya kufundisha) mjini, sasa nimepangiwa Micheweni, Pemba, na darasa ni langu peke yangu. Nishikeni mkono

Binti_wa_Ngambo

Assalaam alaykum walimu wenzangu.

Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, hapa Unguja mjini, nimesoma SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), Hisabati na Fizikia. TP nilifanyia skuli moja ya hapa hapa mjini. Barua ya kupangiwa kituo imetoka, nimepelekwa skuli ya sekondari Wilaya ya Micheweni. Alhamdulillah, wenzangu wengi bado wanasubiri, kwa hiyo ajira silalamikii. Kinachoninyima usingizi ni chengine.

Kwenye TP nilikuwa na vipindi vichache kwa wiki. Kila kimoja nilikikeshea: manila, kalamu za rangi, andalio la somo la kurasa mbili na dakika zake pembeni. Mwenye somo lake alikaa benchi la nyuma, mkoba mapajani. Hasemi kitu, lakini watoto wanamwona. Nikinyanyua sauti wananyamaza, na nilikuwa najua vizuri wanamnyamazia nani.

Sasa nimekwenda kuripoti. Mkuu wa skuli kanipokea kwa wema, kanipa boksi la chaki, ratiba, na daftari la mahudhurio la Kidato cha Kwanza B. Hisabati Kidato cha Kwanza na cha Pili, Fizikia ya cha Pili, na ualimu wa darasa juu yake. Aliyekuwa akifundisha Hisabati kahamishwa. Kila darasa lina watoto themanini na kitu. Nikauliza nani atakaa na mimi wiki ya mwanzo. Akacheka, akanambia, "Mwalimu, wewe ndiye mwalimu."

Naomba mnisaidie. Andalio la vipindi vyote hivyo naliandika saa ngapi? Siku ya kwanza niingie mkali au mpole? Madaftari yote hayo nasahihishaje? Halafu watoto wakizungumza wao kwa wao Kipemba kinanipita, wakicheka sijui wananicheka mimi. Mama kasema "nenda tu, utazoea." Mama yangu nampenda, lakini hajapata kufundisha sehemu na desimali saa sita mchana chini ya bati.

Ticha_Konde

Waalaykum salaam. Wanakucheka wewe, ndiyo. Mimi mwenyewe Mpemba na walinicheka. Waulize wanasema nini, watakufundisha, na hapo hapo unaanza kujua nani mchangamfu na nani mkimya.

Chumba utafute karibu na skuli, usijidanganye kwamba utakaa Chake Chake uwe unakwenda na kurudi. Na usisahau chandarua.

BiMwalimu_Wete

Hongera mwanangu, na karibu Pemba. Mimi nimeanza kazi madarasa ya OSC, yale ya matayarisho kabla ya Kidato cha Kwanza, yapo bado, kwa hiyo umri wangu kisia mwenyewe.

Darasa la TP ni nguo ya kuazima. Unajua lina mwenyewe, watoto wanajua, na supavaiza aliyekuja na fomu yake anajua. Somo unalifundisha ili utazamwe. Ujuzi ule usiutupe, lakini ukitaka kila kipindi kiwe cha manila na rangi, muhula hautafika nusu utakuwa umelala kitandani kwa homa ya uchovu.

Anza na skimu, yaani mpango wa mada, ya muhula mzima. Ndani yake tafuta mada ambazo watoto huanguka kila mwaka: namba hasi, sehemu, mwanzo wa aljebra. Hizo ndizo zenye haki ya andalio zito. Zilizobaki andika fupi, wajue nini na nitajuaje kama wamejua, basi. Mkaguzi akija atataka kuona andalio lipo na lina tarehe yake. Uzito wa karatasi hapimi. Na kabla ya kuandika chochote mpigie simu huyo aliyehamishwa. Hakufa, kahama tu. Muulize kaishia wapi na Kidato cha Pili, maana hao mwisho wa mwaka wana mtihani wa Baraza la Mitihani la Zanzibar, na atakayeulizwa matokeo ni wewe.

Wiki ya mwanzo usianze mada mpya. Wape swali moja mara mbili. Kwanza kwa Kiswahili: mtu ana maembe 60, kauza robo yake, kabaki na mangapi. Kesho yake swali hilo hilo, namba nyengine, kwa Kiingereza. Mimi hufanya hivi kila mwaka. Kwa Kiswahili wengi wanalipata. Kwa Kiingereza kuna wanaojumlisha, kuna wanaozidisha, wameona namba mbili na hawajui zifanywe nini. Sera ya Elimu ya 2006 ilizipeleka Hisabati na Sayansi kwenye Kiingereza kuanzia darasa la tano, na mtoto wa kijijini Kiingereza anakisikia ndani ya kipindi tu, kengele ikilia kimekwisha. Usipowatenganisha mapema asiyejua hesabu na asiyeelewa swali, utamrudisha kwenye jedwali la kuzidisha mtoto ambaye hesabu anaijua kukushinda. Nimeona walimu wazuri wakifanya hivyo miaka na miaka.

Sasa hilo daftari la mahudhurio. Wewe umelipokea kama mzigo, na chuoni hulisomeshwi, lakini kwa upande huo ndilo kitabu cha kwanza cha kusoma. Micheweni watu wanalima mwani. Mwani unafanyiwa kazi wakati wa bamvu, maji yanapokupwa mbali, na bamvu huku kwetu maji hukupwa asubuhi, saa zenu za masomo. Mama akishuka pwani, msichana mkubwa anashuka naye au anabaki na wadogo. Kwa hiyo angalia mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, safu ya wasichana inapungua. Maji mafu, yasipokupwa mbali, wanarudi. Mitihani ya wiki na mada nzito ziweke kwenye maji mafu. Wavulana wao hufuata baba zao dago, kambi za uvuvi za mbali, na hao hawapotei siku moja au mbili, wanapotea mpaka umeshavuka mada. Karafuu zikizaa nako kuna wanaopelekwa kwa jamaa upande wa mashamba. Ukiandika "mtoro" mbele ya jina bila ya kujua kaenda wapi, umeandika kitu kisichokusaidia kesho. Nenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa, muulize nyumba zao. Mgeni kutoka Unguja akiingia mtaani kuuliza habari ya mtoto, habari hizo zinafika mbali kuliko adhabu yoyote.

Madaftari: usikusanye yote. Kila kipindi safu moja, unasahihisha ukipita huku wengine wanafanya zoezi. Mwisho wa wiki umeyaona yote na nyumbani hukubeba hata moja.

Kijana_wa_Tibirinzi

Bi Mwalimu nakuheshimu, na hilo la mwani sikuwahi kulifikiria hivyo. Ila hukumjibu kuhusu ukali. Dada, ingia mkali. Darasa la watoto themanini likikuona unachekacheka siku ya kwanza, basi tena. Mimi siku ya mwanzo niliingia na bakora, nikaiweka mezani, sikuigusa mwaka mzima.

BiMwalimu_Wete

Kama hukuigusa mwaka mzima, basi iliyofanya kazi haikuwa bakora. Kuna Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011, isomeni, na miaka yote hii wizara inatuhimiza adhabu mbadala. Halafu huyu yumo kwenye muda wa majaribio, asijitafutie kesi na mzazi.

Mwanangu, ukali wa siku ya kwanza ni kuwahi. Kengele ikilia uwe mlangoni, swali liko ubaoni, na kufika kesho kutwa yajue majina ya wale wa benchi la nyuma. Majina ya mbele yatakuja yenyewe.

Kijana_wa_Tibirinzi

Haya, nimesikia. Bakora tutaipeleka ikachungie mbuzi.

Karani_Mstaafu

Wote mnasomesha hesabu na hakuna aliyemwambia kuhusu pesa.

Binti, mshahara wa kwanza usiutarajie mwezi wa kwanza. Majina mapya huchukua muda kuingia kwenye malipo, na yakiingia hulipwa malimbikizo, lakini mwenye chumba hali malimbikizo. Chukua cha kukushikilia miezi kadhaa, ukope kwa wazee, si kwa watu wa riba. Hakikisha jina kwenye vyeti, kitambulisho cha Mzanzibari na akaunti ya benki ni moja herufi kwa herufi. Nimeona mtu kasumbuka kwa sababu huku kaandikwa "Khamis" na kule "Hamis". Barua ya kuripoti igongwe muhuri na tarehe, na nakala ibaki kwako. Fuatilia michango yako ya ZSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar) tangu mwanzo, usingoje uzee. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, makato yake yatakuja, usishtuke.

Muda wa majaribio ukikaribia kwisha, mkumbushe mkuu wako habari ya kuthibitishwa. Mafaili hayajikumbushi.

Binti_wa_Ngambo

Jazakallahu kheri nyote. Jina langu kwenye cheti cha Kidato cha Nne lina herufi moja zaidi, kwa hiyo Karani umeniokoa, nashughulikia kabla sijapanda meli kurudi huko.

Aliyehamishwa nimempigia. Kacheka sana, kanambia Kidato cha Pili wamesimama kwenye milinganyo na kuna vijana watatu wamekwenda dago tangu muhula uliopita, akanitajia majina. Kalenda ya mwezi nimeibandika ndani ya daftari la skimu.

Suala la mwisho. Nimesikia kuna Kituo cha Walimu Wingwi. Mtu mgeni anaweza kwenda tu, au lazima mkuu wa skuli amwandikie?

Ticha_Konde

Nenda tu, jitambulishe. Waulize vifaa vya Fizikia kwanza, Hisabati utapata pa kujishikiza, Fizikia bila kifaa ni hadithi. Na mwambie mkuu wako kama unakwenda. Si kwa ruhusa, ni heshima, na huenda naye ana cha kukutuma huko.

Ukipita Konde nipigie, nikuonyeshe chumba cha kukodi kwa jamaa yangu. Kisima kiko uani.