Pijo 504 wagoni ya marehemu mzee: nitengeneze, nitie injini ya Toyota ama niuze?

Mkaaji_Ruaka

Wadau habari zenu, naomba ushauri hasa kwa wale mnazijua hizi gari za kitambo. Marehemu mzee alituachia Pijo 504 stesheni wagoni, ile ya viti safu tatu, iko nyumbani Githunguri chini ya kibanda cha mabati tangu pampu ya maji ikufe na mzee akawa hana nguvu tena ya kuhangaika nayo. Hii gari ndiyo ilitupeleka shule sisi wote, ikabeba mikebe ya maziwa, ikabeba hadi jeneza la shosho, na namba yake ni zile za zamani hazina herufi ya mwisho.

Sasa ndugu yangu mkubwa ameleta mtu wa vyuma chakavu, anatoa 80,000 na anataka kuivuta wiki ijayo. Makanika wa hapo nyumbani anasema injini ya Pijo ni kumwaga pesa, nitie ya Toyota na giaboksi yake niendeshe bila presha. Mimi moyo wangu unataka irudi vile ilikuwa lakini mshahara ni wa kawaida na niko na watoto wawili shule. Logibuku bado iko kwa jina la mzee. Kutu nimeiona chini ya milango na pale betri inakaa. Mngekuwa ni nyinyi mngefanya nini?

Adui_wa_Kutu

Pole sana kwa kumpoteza mzee. Ndugu, kabla hujachagua chochote kwa hizo tatu ingia chini ya gari, maana kwa 504 bodi ndiyo inaamua, si injini. Injini yake slivu, yaani yale mabomba pistoni zinatembea ndani yake, zinatoka, unanunua seti ya slivu na pistoni unapanga upya bila hata kuchonga bloku, na hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ni ya alumini, ikiwa imepinda unapeleka kwa watu wa mashini wanaisawazisha. Lakini hii si gari ya chesi kama lori, bodi yenyewe ndiyo inashikilia kila kitu, ikioza umeisha.

Beba tochi na bisibisi. Anzia ule ukingo mrefu chini ya milango, nyuma tu ya gurudumu la mbele, weka ncha ya bisibisi usukume, usigonge, sukuma. Bati zima linakataa mkono. Bati lililooza bisibisi inazama na unga wa kahawia unakumwagikia usoni, kwa hivyo funga macho kidogo. Halafu inua kapeti uone sakafu upande wa dereva, uende mpaka mwisho kule nyuma, umalizie kwa boneti pale juu shoki za mbele zimefungwa. Hapo kwa shoki pakiwa pameoza, mimi mwenyewe ningeuza. Ikiwa ni milango na kitako cha betri tu, hiyo ni kazi ya kawaida ya fundi wa bodi, bora akate achomelee bati jipya, usikubali apake pati juu ya kutu ati akufichie, mvua moja ya Aprili na imetokeza tena.

Na tafadhali msiiwashe kwa betri ya kuazima mkiwa na furaha. Toa plagi, tia oili kidogo kila silinda, iache ilale, kesho yake zungusha krenki, ile shafti kuu ya injini, kwa spana polepole. Vuta pia kijiti cha oili, ukikuta oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa jua maji yameingia.

Spana_13

Mimi naongea hiyo ya Toyota tu, kwa sababu watu huambiwa ni kutoa hii na kutia ile. Si hivyo kwa 504. Ile propela shafti, ile inapeleka nguvu magurudumu ya nyuma, imefungiwa ndani ya bomba, na hilo bomba limeunganisha giaboksi na difu ya ekseli ya nyuma, na kwa wagoni ndilo linazuia ekseli ya nyuma isijisokote na isisukumike mbele. Sasa ukitoa giaboksi ya Pijo utie ya Toyota umeondoa kitu kilichokuwa kinashika ekseli, kwa hivyo lazima mikono mipya ya kushika ekseli itengenezwe, propela mpya, maunti mpya, na gia kama ni ile ya usukani nayo ihamishwe chini. Kuna mafundi wanaiweza, nimeona moja Industrial Area imefanywa vizuri kabisa, lakini wale walitoa mpaka ekseli yote ya nyuma. Muulize huyo makanika wako hilo bomba atalifanyia nini. Akinyamaza, umepata jibu.

Tena ukibadilisha injini inabidi NTSA, wale wa serikali wa usajili wa magari, wakague na namba ya injini mpya iingizwe kwa rekodi, ama siku ya kuuza ama siku ya ajali utahangaika.

Mabadiliko ambayo mimi nayaunga mkono ni yale yanaweza kutolewa gari ikarudi vile ilikuwa. Igniisheni ya elektroniki badala ya pointi, radieta yenye kori nzuri, altaneta ya nguvu, taa ziwekewe rilei, na mikanda ya viti vya nyuma kama utabeba hao watoto. Hiyo ya mikanda usiache.

Mama_Wawili_Kasarani

Pole baba. Wote mnaongea vyuma na hakuna ameuliza kuhusu mirathi. Gari ikiwa kwa jina la marehemu haiuzwi hivi hivi, wala kwa huyo wa chuma chakavu wala kwa mtu mwingine. Sheria ya Urithi, Cap 160 kifungu cha 45, kugusa mali ya marehemu bila idhini ya korti ni kosa la jinai. Mnaanza na barua ya chifu inayotaja warithi wote, mnaenda kortini, na hata mkipewa grant, hicho kibali cha korti cha kusimamia mali, kwa kawaida mnangoja miezi 6 ndio ithibitishwe. Kama mama yenu yuko hai yeye ndiye wa kuketi naye kwanza, si ndugu mkubwa. Mwambie kwa heshima, lakini hiyo gari wiki ijayo haiondoki.

Donholm_504

Nakubaliana na mama hapo juu. Ila mimi niko upande wa kuuza kama hautakuwa na pahali pa kuilaza Nairobi, maana gari ya hivi kwa parking ya ploti, juani na mvuani, inaoza ukiangalia. Kuitengeneza yote kuanzia rangi mpaka viti usitegemee pesa itarudi, unafanya kwa sababu unaipenda, na hakuna ubaya. Lakini 80,000 ni bei ya kilo. Serikali hairuhusu watu kuingiza magari ya mitumba ya zaidi ya miaka 8, kwa hivyo 504 zilizoko nchini ndizo hizo, zinapungua tu. Na hii ni gari ya historia hapa, Ove Andersson alishinda mbio za Safari Rally na 504 mwaka 1975, na 1978 ikashinda tena ile ya V6. Wanunuzi wa kweli wako, nenda siku ya Concours, yale maonyesho ya magari, pale Ngong Racecourse uongee nao, wanauliza kwanza injini ni yake na namba ni yake. Ukitia ya Toyota hao wote wameondoka.

Mkaaji_Ruaka

Asanteni sana, mmenisaidia kuliko mnavyodhani. Nilienda nyumbani Jumamosi. Upande wa kushoto ule ukingo bisibisi imeingia sehemu ya urefu wa kiganja hivi, kulia ni ngumu, sakafu ngumu, na kwa shoki rangi ya kiwanda bado iko. Oili ni nyeusi lakini safi, na krenki ilikataa mwanzo halafu ikazunguka. Nimeketi na mama, akasema haiuzwi, na ndugu yangu aliposikia mambo ya korti akampigia yule mtu simu mwenyewe. Tumeanza na barua ya chifu. Mimi nitafanya breki, maji na hicho kipande cha kushoto kwanza, rangi itangoja. Swali la mwisho, pampu ya maji naipata wapi?

Spana_13

Ingia Kirinyaga Road, uliza maduka ya spea za Pijo, na ubebe ile mbovu mkononi. Feni ya 504 inakaa kwa pampu ya maji na ina klachi yake ya umeme, inashika joto likipanda, kwa hivyo pampu isipolingana na feni haifungiki. Kama hiyo klachi imekufa, isifungwe moja kwa moja kabla waya na sensa hazijapimwa, mara nyingi ni waya tu. Breki badilisha raba zote za masta silinda na za magurudumu pamoja, mafuta ya breki yaliyolala hivyo yamekula ndani. Na ukiiwasha simama na kipimo cha joto machoni, ikipita kawaida zima hapo hapo, hedi ya alumini haingojei.