Re: Vitara ya sura mpya kwa mzee Tandahimba

> Ndugu zangu, nimeona Suzuki Vitara ya 2016, ile ya sura mpya, imenipendeza sana. Nataka nimpelekee mzee Tandahimba. Mnaionaje?

Kaka, salaam. Kabla hujalipa nisikilize, maana gari ya namna hiyo nimeikagua juzi hapa Coventry, Uingereza, nikitaka kuipeleka kwetu Newala.

Haijabadilika sura tu. Grand Vitara ya milango mitano tuliyoizoea ilikuwa na gia ya low. Ukizama mchangani unaweka low, inatoka taratibu. Hii iliyoanza 2015 haina. Ni nyepesi, inakula mafuta kidogo, lakini uvungu umeshuka kutoka milimita 200 hadi 185, na nyingi zinavutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Kama nyuma haijaandikwa ALLGRIP, yaani inayovutwa na magurudumu yote manne, achana nayo. Anayezunguka Mtwara mjini kwenye lami ingemtosha kabisa. Mzee anaingia mashamba ya korosho, na mchanga wa kule unaujua.

Niliinua zulia la buti nikitafuta spea. Nikakuta chupa ya dawa ya pancha na kipampu cha umeme. Tairi likichanika ubavuni usiku, chupa ile itamsaidia nini mzee?

Kisha nikatandika boksi, nikaingia uvunguni na tochi ya simu. Huku barabara humwagiwa chumvi kila majira ya baridi. Nilikwaruza kwa ufunguo karibu na springi ya nyuma, kutu ikaniangukia usoni kama maganda ya kitunguu, na juu gari inang'aa! Ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali ya huku ya historia ya MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, ni bure, usome kila walipoandika habari za kutu. Na kumbuka hizo ni maili: 80,000 ni karibu kilomita 129,000.

TRA, watu wa mapato Tanzania, nao wana ushuru wa uchakavu: ikipita miaka 8 ni asilimia 15, ikipita 10 ni asilimia 30. Hesabu kwa siku itakayofika bandarini, si siku unayonunua.

Jumamosi nina nafasi. Kama iko karibu twende wote, nitakuja na ovaroli.

> Asante sana kaka. Nimempigia muuzaji: haina ALLGRIP, haina spea. Nimeiacha. Kuna Grand Vitara ya 2013, milango mitano. Hiyo asilimia 30 nitalipa. Jumamosi saa nne asubuhi nakupitia.